Pipi ya dukani na ugomvi wa watu wazima

Mhariri,

Mtoto wa miaka 3 anayejigaragaza mbele ya duka akidai pipi hana pepo. Amepiga hesabu: mara ya mwisho alilia, akapewa. Mzazi akiamua kutompa tena, ajue kuwa siku za mwanzo kilio kitazidi, na hapo ndipo wengi husalimu amri. Akipewa siku ya 4, amefundishwa kulia kwa muda mrefu zaidi.

Kabla ya kutoka nyumbani mwambie: "Tunanunua unga na sabuni, pipi hapana." Akianza vurugu, chuchumaa mtazamane, sema mara moja tu, kisha nyamaza huku ukihakikisha hajiumizi. Akitulia, hata kwa nusu dakika, msifu papo hapo. Kofi humnyamazisha, ila kesho utamkuta akimchapa mdogo wake.

Kwa kweli, kazi kubwa iko kwa watu wazima. Baba kakataa, bibi anafungua pindo la khanga anatoa shilingi 100. Halafu baba na mama wanarushiana maneno mbele ya mtoto, nani anamdekeza. Neno lililotolewa kwanza lisimame mpaka jioni. Mkitaka kubishana, subirini alale. Bibi naye aelezwe mapema, kwa heshima, si pale dukani.

Mtoto aliyepoteza maneno aliyokwisha kuyajua apelekwe hospitali bila kusubiri. Na penye kipigo nyumbani, namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure, Tanzania na Kenya.

Washauri wa malezi,
Morogoro