Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: natafuta daftari la miti

Mheshimiwa Meya,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kuomba miti ya barabara za mji wetu iandikwe katika daftari. Mimi ni fundi wa nguo. Kwa miaka kumi na mmoja mashine yangu ilikaa chini ya jakaranda, kando ya avenyu moja ya komini (mtaa mkubwa wenye utawala wake) ya Kampemba. Tulikuwa kikundi: mimi, mama wa kuuza yuniti za simu, kijana wa kuziba mipira ya magurudumu, na mvua zikianza, mama mwingine wa kuuza matunda ya masuku. Mwezi wa tisa na wa kumi nilikuwa nafagia maua kabla ya kufungua kazi, maana ua la jakaranda likigandamizwa kwenye kitambaa cheupe huacha doa, na mteja hataki kusikia habari za maua.

Leo pale kuna kisiki. Nataka ujue kilivyofika, kwa sababu hakikufika siku moja.

Kwanza ilikuwa dhoruba ya mwezi wa kumi na moja. Tawi lilianguka juu ya mabati ya jirani, asante Mungu hakuumia mtu. Juma lililofuata wakaja watu wenye mapanga na kamba, wakaukata mti kichwa chote, wakaacha shina na mikono mitatu mifupi. Majirani walifurahi. Hata mimi nilisema afadhali. Tulikosea wote. Majani ndiyo jiko la mti. Ukiyaondoa yote kwa mara moja, mti unashikwa na njaa na kutoa machipukizi mengi kwa haraka. Machipukizi hayo hayana mzizi ndani ya mbao, yameshikia juujuu, kama mfuko wa shati ulioshonwa kwa uzi mmoja. Chini yake vidonda vya panga ni vikubwa mno, gome haliwezi kuvifunika, maji yanaingia na mbao inaoza. Baada ya misimu miwili ya mvua yakaanza kuanguka matawi mengi kuliko lile moja la kwanza. Yaani dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Halafu ukaja mtaro wa kebo. Ulichimbwa karibu sana na shina, mizizi ya upande mmoja ikakatwa yote, na mti ukaanza kuinamia barabara. Mwishowe, siku ya posho, yaani Jumamosi, wakaja wengine na msumeno wa mota. Kufika jioni magogo yalikuwa yamekwishapakiwa. Mji unaopika kwa makala, yaani mkaa, hauulizi sana magogo yanakwenda wapi. Niliuliza nani ametoa ruhusa. Kila mlango ulinionyesha mlango mwingine. Sitaji mtu, na kusema kweli simtafuti. Natafuta daftari.

Naomba kila komini iwe na daftari la miti ya barabara: mti gani, uko avenyu gani, mnene kiasi gani, una ugonjwa gani, nani aliukata matawi na mwezi gani. Namba ipakwe rangi kwenye shina. Kazi hiyo haihitaji mzungu wala kompyuta. Watu wawili, rangi na kamba ya kupimia, wapite avenyu baada ya avenyu wakati wa baridi. Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya miji na komini zetu imeweka bustani za watu wote mikononi mwa mji na komini, na Desemba 2023 tulipiga kura kuchagua washauri wa komini, yaani madiwani. Hao waulizwe: katika bajeti yenu, mstari wa miti uko wapi?

Maana siku ya kupanda tunayo. Hapa Kongo kila tarehe 5 Desemba ni Siku ya Taifa ya Mti, na tarehe yenyewe ni nzuri, mvua imeshakolea. Wakubwa wanakuja, picha zinapigwa, mche unapata maji mbele ya kamera. Mvua inaendelea hadi mwezi wa tatu au wa nne, na mche unaonekana mzima. Halafu inakata hadi mwezi wa kumi. Miezi sita, Mheshimiwa! Hapo mche unabaki na mbuzi, na moto wa takataka, na mtoto anayetafuta fimbo. Anayeupelekea ndoo mwezi wa nane ni nani? Kama hayupo, basi panda miche mitano badala ya mia, na hela zilizobaki zilipe mtu wa ndoo.

Utaniambia waya za umeme. Nakubali, tawi lililogusa waya lazima liondoke. Lakini lipunguzwe kila mwaka kidogo kidogo, kabla dhoruba hazijaanza, na likatwe pale linapotokea kwenye shina, nje tu ya ule uvimbe wa shingo yake. Pale mti una uwezo wa kufunga kidonda chake wenyewe. Atakayeshika msumeno afundishwe hilo kwanza. Ni somo la asubuhi moja. Na anayeomba kuchimba mtaro aonyeshwe mizizi iko wapi kabla ya kupewa karatasi.

Mji huu unajua vizuri zaidi ya miji mingi maana ya kukosa mti. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa 1911, na moshi wa kiwanda, ukisukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi, ulikausha msitu na kuacha udongo wenye metali nyingi. Nenda mtaa wa Penga Penga. Wanaagronomia wa chuo kikuu chetu walianza huko na nyasi, si miti, nyasi fupi ya Microchloa inayovumilia shaba, ili angalau vumbi litulie. Na sisi tunakata jakaranda yenye afya kwenye udongo mzuri!

Kuna jambo jingine, nalisema bila hasira. Wakati mji unaitwa Élisabethville, miti ya avenyu ilipangwa kwa ajili ya kivuli cha Wazungu katikati ya mji. Katika komini za Katuba na Kenya, kivuli kilitoka kwenye miembe ya parseli, yaani viwanja vya nyumba, iliyopandwa na wazee wetu wenyewe. Daftari lisiishie kwenye avenyu za katikati, tafadhali. Na mkipanda upya, musituletee mitende ya urembo. Inapendeza kwenye picha, lakini saa sita mchana inampa kivuli mjusi tu.

Mbao za mti ulioanguka ziuzwe kwa risiti, na fedha yake ilipe maji ya miche. Kuhusu walinzi musihangaike: sisi wa chini ya mti tupo kila siku, tunamjua kila anayekuja na panga. Tupeni tu namba ya kupiga na mtu wa kujibu.

Mashine yangu bado iko pale, ng'ambo ya kisiki, chini ya mwavuli. Ukimtuma mtu wa daftari, aje kabla ya saa tano. Baada ya hapo jua linanihamisha, naingia kwenye varanda ya jirani mwenye mabati.

Fundi wa nguo, Kampemba