Daktari aliniuliza kama nimemaliza kuzaa

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 36, nakaa Ujiji, naanika na kuuza dagaa mwalo wa Kibirizi. Watoto wanne, wa mwisho pacha. Baada ya pacha nilifika kilo 104, leo nina 71. Mwili umepungua, ngozi ya tumbo imegoma. Inaning'inia kama kibindo kisicho na hela. Kila asubuhi nainyanyua kwa mkono mmoja, nakausha jasho chini yake kwa kipande cha kanga, napaka dawa ya fangasi. Ikifika saa nane, jua kali, pameshachubuka tena. Mikanda ya kubana nimevaa, mazoezi nimefanya, hata mafuta ya elfu themanini nimenunua (nicheke tu).

Mwezi wa tatu nilipanda treni hadi Dar, nikamwona daktari wa upasuaji. Akasema ngozi iliyolegea hivi hairudi kwa mazoezi. Anakata nyonga hadi nyonga, chini panapofichwa na chupi, anatoa ngozi na mafuta, anashona misuli iliyoachana kwa mimba. Unalazwa usingizi, unaamka na mipira ya kutoa majimaji, na kama wiki sita hubebi kizito. Akataja hatari pia: kidonda kuoza, damu kuganda miguuni. Hayo niliyameza. Kilichonikaba ni swali lake, "Umemaliza kuzaa?", maana mimba nyingine inaweza kulilegeza upya.

Nikajibu ndiyo, hapo hapo.

Shangazi, mume wangu hajui. Yeye husema tupumzike kidogo, halafu mmoja wa kufungia. Kijiti changu cha kuzuia mimba, cha miaka mitatu, anakijua, ila anadhani ni cha kupumzikia. Nikimwambia nakwenda kukatwa tumbo, ataniuliza lile lile la daktari. Wifi ananishauri niseme ni ngiri. Dada yake wa damu, jamani! Na si mume mbaya: pacha wakiwa wachanga, ndiye aliyebaki nao alfajiri nikiwahi mitumbwi.

Nianze na lipi? Nimwambie kwanza kuzaa basi, tumbo lisubiri, au niyamwage yote siku moja? Na akishikilia huyo wa kufungia, je, niendelee kwa hela yangu ya kikoba? Tunagawana mwezi wa kumi na mbili.

Mama Kulwa,
Kigoma