LPA si lazima upitie kwa wakili

Mhariri,

Wazee wetu wengi huko England wameaminishwa kuwa hati ya uwakala wa kudumu, LPA, ambayo mtu huitumia kuteua mawakala wa kumwamulia mambo hasa akili ikishindwa, haiandikwi bila wakili wa sheria. Sheria ya England na Wales haisemi hivyo. Fomu ni bure: LP1F ya mali na fedha, LP1H ya afya na matunzo. Kinacholipiwa ni usajili, pauni 92 kwa kila hati tangu Novemba 2025, na mwenye kipato kisichofika pauni 12,000 kwa mwaka huomba kulipa nusu.

Fomu nyingi hukwama kwenye saini. Anayeanza ni mwenye hati, mbele ya shahidi ambaye si wakala wake. Kwenye LP1H husaini kwanza sehemu ya 5, inayohusu matibabu ya kumweka mtu hai, halafu ya 9. Anafuata mthibitishaji, anayeshuhudia kuwa mwenye hati anaielewa na halazimishwi, sehemu ya 10, ndipo mawakala, sehemu ya 11. Zote zinaweza kukamilika siku moja, lakini tarehe ya wakala ikitangulia ya mthibitishaji, fomu itarudi.

Mthibitishaji naye huchaguliwa kienyeji mno. Awe amemfahamu mwenye hati miaka 2 au zaidi, au awe mtaalamu, mfano daktari wake. Shemeji na mkwe hawaruhusiwi, hata wakiwa waadilifu vipi. Jirani wa siku nyingi au imamu wa msikitini anafaa. Azungumze na mzee faragha, mawakala wakiwa nje. Mzee asiyejua Kiingereza asitafsiriwe na bintiye ambaye ndiye wakala, maana hapo ndipo ndugu wengine watakapopata pa kushikia.

Sehemu ya 3 isomwe mara mbili. Ukichagua mawakala waamue kwa pamoja tu, mmoja akifa hati nzima inaanguka kama hukuweka wa akiba. Ukiruhusu kila mmoja aamue peke yake, kisha sehemu ya 7 ukaagiza nyumba isiuzwe mpaka wote wakubali, umejipinga mwenyewe.

Kwa maoni yangu wakili anastahili ada yake pale penye biashara, ugomvi wa ndugu au kumbukumbu iliyoanza kuyumba. Asiyekuwa na hayo ajaze mwenyewe, na mapema: usajili huchukua wiki 8 hadi 10, na akili ikishapotea hati haiandikwi tena. Mke au mume hana mamlaka ya moja kwa moja juu ya akaunti ya mwenzake. Bila hati hiyo itabidi kwenda mahakamani kuomba usimamizi, wenye ada za kila mwaka.

Kiwanja cha Kibaha au shamba la Kilifi msikitegemee LPA. Kila kimoja kiandikiwe hati yake kwa sheria ya nchi kilipo, na huko tafuteni wakili.

Msomaji wenu,
Leicester