Wengi Wape, na Wachache Tuwaweke Wapi?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la familia nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga, nikadhani sikusikia vizuri. Mara ya pili nilikaa kitako. Mara ya tatu nilimwekea bibi yako sikioni. Hakusema neno. Alinirudishia simu, akaendelea kuchambua mchele.

Ulikuwa unausema ule mgao wa nchi yetu ya Burundi, unaowapa Watutsi asilimia 40 ya nafasi serikalini na bungeni. Ulisema: "Wahutu ni asilimia 85, Watutsi ni 14. Hao 14 wanapewaje 40? Demokrasia ni wengi wape, yamekwisha."

Ningeweza kukujibu humo humo kundini. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu maneno hayo si yako peke yako. Nayasikia kwa vijana wa rika lako hapa Ujiji, nayasikia kwa waliobaki Bujumbura, na kila mmoja huyasema kama vile wazee hawakuwahi kuyafikiria. Waliyafikiria, mwanangu. Wakayajaribu pia.

Unajua kwamba bibi yako ni Mtutsi na babu yako alikuwa Mhutu. Kwa desturi yetu ubwoko, yaani kabila, hufuata baba, kwa hiyo mimi, baba yako na wewe tunahesabiwa Wahutu. Babu yako alikuwa karani. Mei 1972, waasi wa Kihutu walikuwa wameua Watutsi kule kusini kando ya ziwa, na serikali ya rais Micombero ikaanza kuwakusanya Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, askari, wafanyabiashara. Warundi tunauita mwaka ule Ikiza, yaani janga. Waliouawa hawapungui laki moja, na wapo wanaosema laki tatu. Waliomjia babu yako walimwambia kuna maswali machache tu ya kujibu. Alikuwa anakunywa chai. Bibi yako akaifunika kwa kisahani ili isipoe. Nilikuwa na miaka kumi, na kikombe kile nakiona hadi leo: kilikaa mezani siku mbili, na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Miaka ishirini na moja baadaye, Oktoba 1993, kaka wawili wa bibi yako waliuawa na majirani zao kule milimani Gitega, wao, wake zao na watoto. Jeshi lilimchukulia mume kwa sababu ni Mhutu, majirani wakamchukulia ndugu kwa sababu ni Watutsi. Ndiye huyo uliyemtumia hesabu ya 85 na 14. Hesabu yenyewe, kwa taarifa yako, ni ya tangu enzi za wakoloni, na tumekuwa tukiirithishana kama kitu cha ukoo.

Sasa turudi kwenye wengi wape. Kuanzia 1966 nchi ilitawaliwa na wanajeshi watatu waliopinduana, Micombero, Bagaza na Buyoya, wote Watutsi, na wote watatu wa tarafa moja ya Rutovu mkoani Bururi. Huko kulikuwa ni wachache kujitwalia vyote, na sina neno la kuutetea utawala huo. Basi Juni 1993 tukapiga kura. Melchior Ndadaye, Mhutu, akapata urais kwa karibu asilimia 65, na chama chake cha FRODEBU kikachukua viti 65 kati ya 81 bungeni. Wengi wakapewa. Nilicheza barabarani na kanga mpya kiunoni, mwanangu, nikimlilia baba yangu huku nacheza.

Ndadaye alikaa ikulu siku mia moja na chache. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba jeshi, ambalo karibu lote lilikuwa la Watutsi, lilimkamata na kumuua. Wahutu wakalipiza kwa majirani zao Watutsi, jeshi likalipiza kwa Wahutu, na vita vikala watu wapatao laki tatu.

Nimelitafakari hilo kwa miaka mingi. Wengi walikuwa na kura, wachache walikuwa na bunduki, na kila upande ulikuwa na hofu ya kweli. Mtutsi aliitazama ile kura ya 1993 akaona haitageuka milele, kwa sababu watu walikuwa wamepigia ubwoko wao, na ubwoko haubadiliki kila miaka mitano. Mhutu aliitazama kambi ya jeshi akaiona 1972. Ungekuwa wewe, ungemwambiaje askari yule aweke silaha chini? Ungemwambia wengi wape?

Jibu lililopatikana ndilo hilo unalolichukia. Mwalimu Nyerere alianza usuluhishi mwaka 1996, akafariki Oktoba 1999 kazi haijaisha, Mandela akaipokea. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba wa amani ukatiwa saini Arusha. Vita havikuisha siku hiyo, maana makundi makubwa ya waasi hayakuwamo, na CNDD-FDD, kundi kubwa la waasi wa Kihutu, walikubali kuweka silaha chini mwaka 2003 tu. Lakini mkataba ule ndio uliozaa katiba ya 2005. Serikalini na bungeni Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi wapate 40. Seneti nusu kwa nusu. Jeshi na polisi, ubwoko wowote usizidi nusu. Sheria zipite kwa theluthi mbili.

Zisome tena taratibu, maana wewe umeona 40 peke yake. Mhutu alipata urais kwa kura na alipata nusu ya jeshi, jeshi lile lile lililokuja kumchukua babu yako. Mtutsi alipata uhakika kwamba hakuna sheria itakayopitishwa juu ya kichwa chake bila kuulizwa. Kila mmoja aliuza kitu alichokuwa nacho ili anunue usingizi.

Nakuambia nililoliona kwa macho yangu. Mwaka 2005 nilikuwa na kile kiduka changu mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, kompyuta moja na printa, nachapa barua na wasifu wa watu. Wanaume wanne wa chama fulani wakaja na orodha ya wagombea ubunge iliyoandikwa kwa penseli, imefutwa hadi karatasi imetoboka. Sheria ilisema katika kila majina matatu yanayofuatana, wawili tu ndio wawe wa ubwoko mmoja, na katika kila wanne awepo mwanamke. Walikaa kwangu tangu adhuhuri hadi adhana ya magharibi. Wa tatu kwenye orodha hakutaka kushushwa hadi nafasi ya nne. Wa sita walimhitaji Mtutsi, na hawakuwa naye. Miaka kumi kabla ya hapo wanaume wale wasingekanyaga Ngagara, mtaa wa Watutsi, hata kwa dawa, na siku ile nikawasikia wanapiga simu Ngagara, wanambembeleza mtu agombee nao, wanaulizana nani huko anapendwa na watu.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa soko la Ruvumera, kila mtu anamtaka, hakuna anayejua amwandike nani. Buyenzi hatukuwa na desturi ya kuulizana, sisi tuliitwa Waswahili na tukatosheka. Wakamwita. Akasimama mlangoni akasema mama yake ni Mtutsi, baba yake hakumjua. "Niandikeni mnavyotaka, ila msinifute." Nilichapa jina lake nikiwa na donge kooni. Najua ule ndio ubaya wa mpango wenyewe: unamlazimisha mtu achague nusu yake moja. Wapo maelfu kama yeye. Na wapo Watwa, ubwoko wetu wa tatu na mdogo kuliko yote, waliopewa viti vitatu bungeni na vitatu kwenye Seneti, na kwenye mgao wa serikali hawakutajwa kabisa, kana kwamba nchi ina watoto wawili tu. Hilo ningependa ulipigie kelele, kelele unazo.

Lakini ona kilichotokea. Vyama vililazimika kuchanganyika, na ugomvi ukahama. Baada ya 2005 mapambano makali ya siasa yalikuwa kati ya CNDD-FDD na FNL, vyote vya Wahutu. Mwaka 2015 rais Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu, walioandamana walikuwa Wahutu na Watutsi bega kwa bega, na jenerali aliyejaribu kumpindua, Niyombare, alikuwa Mhutu mwenzake. Sisi tulikimbia mwaka ule pamoja na mamia ya maelfu ya wenzetu. Tulikimbia serikali. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikimbia bila kumwogopa jirani, na kwenye boti la kuja Kigoma hakuna aliyemuuliza mwenzake ubwoko wake. Kwa mtu aliyepitia 1972 na 1993, hilo si jambo dogo.

Halafu wewe unaishi Brussels! Umewahi kuuliza serikali ya huko inavyopangwa? Wasemao Kifaransa ni wachache nchini Ubelgiji, lakini katiba inataka mawaziri wa serikali kuu wawe nusu kwa nusu na wasemao Kiholanzi, waziri mkuu akiwekwa kando. Hapo jijini kwako ni kinyume, wasemao Kiholanzi ndio wachache, nao wametengewa viti 17 kati ya 89 vya bunge la mkoa. Watoto wa Kibelgiji hawauliziani kwa nini wachache wamepewa zaidi ya idadi yao. Na hao ndio waliowaondoa machifu Wahutu madarakani kwetu miaka ya 1930, wakatuachia mpasuko. Nyumbani kwao wanajua fika kwamba watu wawili wasioaminiana hawaishi nyumba moja kwa kuhesabiana vichwa.

Wapo wanaoniambia tungefuata njia ya Rwanda, ubwoko usitajwe kabisa. Naielewa hamu hiyo. Ila mimi nimeishi chini ya serikali za Kirundi zilizopiga marufuku kutaja ubwoko huku kila cheo kikienda upande mmoja, na kisichotajwa hakihesabiki.

Sasa niseme pale ambapo una haki ya kukasirika, maana nimekusikia pia ukisema hao Watutsi walioko bungeni hawamsemei mtu. Hapo umenigusa. Mgao ulikuwa na mwili na meno. Katiba ya 2018 iliacha mwili ikang'oa meno. Theluthi mbili iliondolewa kwa sheria za kawaida. Makamu wawili wa rais wakawa mmoja, na kazi za serikali zikahamia kwa waziri mkuu ambaye katiba haijamfunga kwa ubwoko. Seneti ikapewa miaka mitano iangalie kama mgao uendelee au ufutwe. Mashirika ya nje yakatakiwa kuwahesabu wafanyakazi wao kwa ubwoko, na mengi yakasimamishwa, mgao ukawa fimbo. Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kikatangazwa kuwa kimepata zaidi ya asilimia 96 ya kura na viti vyote 100 vilivyogombewa. Vyote, mwanangu. Asilimia 60 na 40 unaweza kuzikuta humo zimetimia, na usikute mtu hata mmoja wa kusema hapana.

Kwa hiyo Mtutsi wa kule Mugamba anatazama wale waliohesabiwa kwa jina lake na hawajui. Mhutu wa Kamenge aliyepigia upinzani naye anatazama wengi waliopewa na hajioni. Hasira yako naitaka hapo. Wewe umeielekeza kwa wale 14, wakati walionyamazishwa wako pande zote mbili. Ukifuta 40 leo, nani atakayefaidika? Babu yako hatarudi. Atafaidika yule yule aliyekwisha kupata viti 100.

Dai theluthi mbili irudi. Dai wachache wajichagulie wenyewe wa kuwasemea. Dai Mtwa ahesabiwe kila mahali. Na yule wa Ruvumera awe na pa kujiandika bila kujikata katikati. Nitasimama na wewe kwa yote hayo, na bibi yako pia, ingawa yeye siku hizi magoti hayamruhusu kusimama sana.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni la baba yako, mimi nalichungulia tu. Watu husema Buyenzi haikugawanyika, na ni kweli. Machi 1995 Bwiza ilipokuwa inafagiliwa Wahutu, walivuka barabara wakaja kwetu, na kabla ya hapo tulikuwa tumewaficha Watutsi waliokimbia Kinama. Vijana wa sasa wanaipenda hadithi hiyo, na wewe umewahi kuniambia kwamba mioyo mizuri inatosha, sheria za nini. Mimi nilikuwapo. Nilibeba uji usiku. Waliofichwa walikuwa wakitazama uso wangu kila nilipoingia, wanatafuta kama leo bado nina huruma. Sitaki mtu yeyote anitazame vile tena, na sitaki wewe umtazame mtu vile.

Ukimpigia baba yako Jumapili, usianze na siasa. Muulize habari za godoro lililokuwa nyuma ya karakana, na nani walilalia hapo, kwa zamu, mwaka ule. Atanyamaza kwanza. Usikate simu.

Shangazi yako,
Ujiji