Refa apimwe na aliyemtazama, sio na aliyefungwa

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongelee marefa wa basketi huku kwetu Moshi na Arusha, maana kila wikendi mechi ikiisha kelele ni zilezile, waliofungwa wanasema refa katuuza, walioshinda wanasema refa yuko fresh kabisa, Jumatatu kila mtu karudi kwenye mishe zake na hakuna hata mmoja anayeweza kukwambia yule refa kachezesha vizuri au vibaya. Refa mwenyewe pia hajui. Anapangiwa mechi nyingine, anaenda na makosa yake yaleyale.

Mimi sio refa, nilicheza zamani goti likagoma, nimebaki mtu wa pembeni ya kiwanja. Ninachoona ni kwamba tathmini tuliyonayo ni kocha kwenda kufoka mezani, pale wanapoandika matokeo. Anayefoka sana ndio anasikilizwa.

Naomba viongozi wa kikapu wa mikoa hii miwili waweke mtu wa kumtazama refa, basi. Akae juu, asikae mezani, mezani unaona migongo ya watu tu na kila filimbi unaisikia pamoja na matusi ya benchi. Viwanja vyetu vingi havina jukwaa la maana najua, lakini ngazi haikosi, au ukuta wa pembeni, apande huko na daftari lake.

Halafu sasa amwangalie refa asiangalie mpira, na hapo ndio kazi ilipo kwa sababu mpira una uchawi wake, ukirushwa tu macho yanaufuata. Sisi tunachezesha na marefa wawili, mmoja anatangulia chini ya ringi mwingine anabaki nyuma ya mpira, kiwanja mita 28 kwa 15 na wachezaji kumi humo ndani, wenzetu kwenye mashindano makubwa ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wanaweka watatu. Wakiwa wawili lazima wagawane. Mpira ukiwa mbali na ringi, yule wa chini ya ringi inabidi aangalie madume yanayosukumana kugombea nafasi, skrini zinavyowekwa, yaani mtu kusimama kumzibia njia mlinzi, na mshambuliaji gani kalala chini ya ringi zaidi ya zile sekunde 3 anazoruhusiwa. Huku kwetu unakuta macho manne yote yako kwenye mpira, chini ya ringi mtu kapigwa kiwiko hakuna aliyeona, baadae analipiza, wa pili ndio anaonekana na kupewa faulo isiyo ya kimichezo, mashabiki wanakuja juu na mechi inaharibika. Ukiuliza shida ilianzia wapi watakwambia mchezaji hana nidhamu, kumbe shida ilianza pale refa aliposimama na pale alipotupia macho.

Kwa hiyo kwenye daftari hata filimbi isiyopigwa iandikwe. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, tangu Machi 2015 wanatoa ripoti ya dakika 2 za mwisho kwa mechi za kubanana, wanaandika uamuzi huu sahihi huu makosa, na pale refa alipokaa kimya nako wanaandika, kimya hiki sahihi kimya hiki makosa. Hilo la kimya nimelipenda sana. Ila hizo dakika 2 kwetu hazitoshi, faulo ya uongo uliyopuliza mapema kwenye kwota, yaani robo ya mechi, inakuja kuuma mbele, maana timu ikishafikisha faulo 4 kwenye kwota ile, faulo ya mlinzi inayofuata ni mitupo huru miwili hata kama mtu hakuwa anatupa. Aandike mwanzo mpaka mwisho. Aandike pia kama faulo ya kwota ya kwanza bado ni faulo kwenye kwota ya nne, mchezaji anaweza kuvumilia refa mkali na anaweza kuvumilia refa mpole, ila sio wote wawili ndani ya mtu mmoja.

Miguu nayo iangaliwe. Kwota ya nne refa anapigia faulo ya chini ya ringi akiwa bado katikati ya kiwanja, hapo anakisia tu. Na wale wa Moshi wanaosingizia hewa nyepesi ya Arusha kwa kuwa kuko juu, jamani, fanyeni mazoezi.

Sasa nani akae kule juu? Hapa ndio naogopa, maana tutachukua mzee mmoja maarufu wa enzi za raba za DH ambaye sheria alizojifunza wakati ule ndio hizohizo mpaka leo. FIBA walibadilisha sheria ya kutembea na mpira bila kuudunda mwaka 2017, mtu akidaka mpira huku anakimbia, ule mguu ulioko chini wakati anadaka hauhesabiki, anaanza kuhesabu kuanzia unaofuata. Mpaka leo uwanja mzima unapiga kelele "katembeaaa!" na refa aliyenyamaza ndio yuko sahihi. Mtathmini asiyejua hilo atamkata maksi kijana anayejua kazi yake. Na asiwe mtu wa klabu, hata iwe klabu ambayo haichezi siku hiyo, msimamo wa ligi wote tunausoma.

Mechi ikiisha wakae pembeni, mtathmini na marefa wake, bila makocha, waoneshane vipande vya video kwenye simu siku ileile kabla watu hawajasahau nani alikuwa amesimama wapi. Maksi zipelekwe kwa anayepanga marefa, na zitumike, sio zikae kwenye droo huku fainali anapewa yule anayejuana na watu.

Watasema hela hakuna. Nauli na soda ya mtu mmoja haiwezi kukosekana, na simu ya kurekodi mimi ninayo, niko tayari kupanda huko juu nirekodi bure msimu mzima. Maksi tu ndio msinipe nitoe mimi, hapa Moshi kila mtu anajua nashangilia timu gani.

Mdau wa kikapu,
Pasua, Moshi