Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania: tipsta aseme analipwaje

Shikamoo mkuu. Kabla sijaanza niseme tu mi sio mpinga betting, nabeti mwenyewe wikiendi, buku mbili buku tatu, na sina ugomvi na kampuni kuwa na leseni. Shida yangu ni hawa matipsta, madogo wanaogawa mikeka (utabiri wa mechi za kubetia) kule Telegram na Instagram na jinsi wanavyolipwa, kitu ambacho wengi wanaowafuata hawakijui na wao wenyewe hawawaambii.

Fungua chaneli ya mikeka asubuhi. Utakuta picha ya mkeka, odds 40 na kitu (yaani yote ikitokea unalipwa mara 40 na kitu ya ulichoweka), "leo uhakika familia", chini yake linki na promo kodi (neno la kuandika unapojisajili), na sharti kwamba lazima ufungue akaunti MPYA kwa hiyo kodi la sivyo grupu lake la VIP huingii. Watu wanadhani akaunti mpya ni ya kupatia bonasi. Bonasi ipo kweli, ila ukijisajili kwa kodi yake unaandikwa chini yake, na kampuni za betting kwa kawaida humlipa wakala wa mtandaoni kama huyu tipsta kwa njia mbili, ama hela ya mara moja kwa kila kichwa kinachojisajili na kuweka pesa, ama asilimia ya kile kampuni inachobaki nacho kutoka kwako, mwezi baada ya mwezi. Na inabaki na nini? Zile ulizoliwa. Chukua tipsta wa asilimia 30: dereva boda kaweka elfu 10, mkeka umechanika, ukiacha makato, elfu 3 inaenda kwa tipsta. Mkeka ukitiki haambulii kitu, tena hesabu yake ya mwezi inashuka. Yaani anayekuchagulia timu anakula pale unapoliwa, afu anakuita familia.

Sisemi wanachana mikeka makusudi. Odds 40 inachanika yenyewe, haihitaji kusukumwa. Ila jiulize kwa nini hawakupi ya odds 2. Na jioni ule uliochanika unafutwa, inabaki skrinshoti ya uliotiki, kesho wanakuja wageni wanaona dogo hakosei.

Uingereza walishapita hapa. 2017 chombo chao cha kusimamia matangazo, ASA, kiliwabana Ladbrokes, 888, Sky Vegas na Casumo kwa sababu ya tangazo lililovaa sura ya habari, stori ya jamaa mwenye madeni na mke mgonjwa eti kasino ya mtandaoni ikamtoa. Aliyelitengeneza ni wakala, lakini mzigo walibebeshwa wenye kampuni, na mwaka huohuo Sky Bet wakafunga programu yao ya mawakala kule. Marekani nao, FTC, tume yao ya biashara inayolinda wateja, wanataka maelezo ya malipo yakae karibu na linki yenyewe, na wanasema kuandika tu "linki ya afilieti" (yaani ya wakala) kunaweza kusitoshe, maana mtu wa kawaida hajui ni mdudu gani.

Sasa mkuu, sikuombi uwakimbize madogo mmoja mmoja, ukifunga chaneli leo kesho anafungua tatu. Najua pia FCC, Tume ya Ushindani, wana Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mteja, ila leseni ya betting iko mezani kwenu. Promo kodi imetoka kwenye kampuni, na kampuni inajua ni ya nani kwa sababu ndo inamlipa. Basi iwekeni kwenye masharti: juu ya kila promo kodi, sio kule chini baada ya hashitagi ishirini, iandikwe kwa Kiswahili cha mtaani, "nalipwa ukijisajili hapa", na kama yuko kwenye asilimia aongeze "na ukiliwa nalipwa tena". Kwenye laivu aseme kwa mdomo wake, maana laivu hakuna anayesoma maandishi. Asiyetaka, kampuni izime kodi yake, na kampuni ikigoma kuizima, hapo sasa ni ninyi na leseni yenu. Watakuambia hayo maneno yataua biashara. Kama mteja anakimbia kwa kuambiwa tu hela inatoka wapi, ndo ujue ilikuwa biashara ya namna gani.

Afu kuna kimoja cha harakaharaka. Nina linki za hizi chaneli na skrinshoti zake, nyingine kabla hazijafutwa. Nizitume wapi, na nikituma nitajibiwa?