Barua kwa baba na mama: kwa nini sipigi simu, na huu uchumi wenyewe ukoje

Shikamoo baba, shikamoo mama. Mimi mzima kabisa, usingizi tu ndo haunitoshi. Najua mnalalamika kwamba sipigi simu, na nikipiga naongea mbio mbio kama mtu anaefukuzwa, sasa nimeona niandike kwa urefu mnielewe maana kwenye simu nikisema nina kazi nyingi baba unaguna tu.

Kwanza baba, huu uchumi ninaosoma chuoni sio biashara wala uhasibu. Ukiniuliza ununue dola sa hivi au usubiri, kusema kweli sijui, na maprofesa wetu hawajui pia, wangejua wasingekuwa wanahangaika kusahihisha mitihani yetu. Tunachosoma zaidi ni hesabu. Adam Smith, yule wanaemuita baba wa uchumi, mwaka 1776 alijieleza kwa maneno tu lakini tangu wanauchumi kina Paul Samuelson miaka ya 1940 somo limejaa milinganyo, kwa hiyo ni kalkulasi, matriksi, takwimu, alafu uchumi ndo unakaa juu ya hayo yote.

Chukua swali la kawaida la wiki. Mtu ana kipato chake, kuna bidhaa mbili na bei zake, anunue kiasi gani cha kila moja ili aridhike kuliko yote? Mama unafanya hilo kila siku bila kalamu. Sisi tunaandika mlinganyo wa Lagrange (njia ya kutafuta kilele wakati una kikomo, hapa kikomo ni kipato), tunatafuta derivativu, yaani kasi ya kitu kubadilika, moja baada ya nyingine, tunatatua, tunahakikisha tumefika kileleni na sio shimoni, ukurasa umeshajaa, alafu kipengele cha mwisho kinasema eleza kwa maneno ile lambda, herufi ya Kigiriki iliyomo kwenye mlinganyo, ina maana gani. Hapo ndo darasa zima linainamia madaftari. Jibu lenyewe ni jepesi, ni kiasi gani mtu angeridhika zaidi akiongezewa hela kidogo, basi, lakini ukiwa umezama kwenye alama saa nzima unasahau kabisa kwamba ulikuwa unaongelea mtu.

Kuhusu muda, vyuo vingi vya Ulaya mwaka mzima ni krediti 60 na kila krediti inahesabiwa saa 25 mpaka 30 za kazi, piga hesabu mwenyewe baba, ni saa 1500 hadi 1800, ajira kamili hiyo. Na darasani unakaa saa chache tu, zingine zote ni wewe na madesa na maswali, hakuna wa kukusimamia. Shida ni kwamba mada zinabebana, ukiachia wiki moja hiyo wiki inayofuata lekchara anaanzia pale ulipoishia kutoelewa, na hasubiri mtu.

Kinachochosha kingine (mimi nakipenda lakini) ni kwamba unapiga msuli modeli (uchumi uliochorwa kwa milinganyo) mpaka inakaa kichwani, muhula ukigeuka anakuja profesa mwingine anakwambia mwanauchumi Robert Lucas alishaikosoa mwaka 1976, watu wakijua sera imebadilika na wao wanabadilisha tabia, kwa hiyo zile namba zako za zamani hazikusaidii tena. Na mtihani unataka zote mbili, modeli na ukosoaji wake.

Au suala la kima cha chini cha mshahara. Mwaka wa kwanza tunachora grafu, mshahara ukipandishwa kwa sheria ajira inashuka, safi. Baadae unakutana na utafiti wa wanauchumi David Card na Alan Krueger, jimbo la New Jersey kule Marekani mwaka 1992 lilipandisha kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, Pennsylvania jirani ikabaki pale pale, wao wakalinganisha migahawa ya pande zote mbili za mpaka na hawakuona ajira ikishuka. Wengine wakabisha, wakabishaniwa, na Card akaja kupata Nobel mwaka 2021. Sasa wewe mwanafunzi uandike insha useme nani yuko sahihi na kwa nini, hapo Lagrange hakusaidii.

Ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, ndo inakula usiku. Unaendesha programu, wastani wa umri unatoka mkubwa ajabu, unatafuta kosa kwenye maelekezo uliyoandikia programu mstari kwa mstari, kumbe waliokusanya data wakikosa umri wa mtu waliandika 999. Kazi ya grupu sitaki hata kuielezea, tunafundishwa nadharia ya mtu anaekula jasho la wenzake alafu tunapangiwa nae grupu moja.

Mdogo wangu nasikia anataka kuacha hesabu eti atasoma uchumi kwa kukariri. Mama naomba umkalishe chini. Asiache hesabu, kama kalkulasi inamsumbua anitumie maswali kwa picha, tutakaa nayo hata kwa simu, bora ateseke nayo sa hivi akiwa na mtu wa kumuelekeza. Ila asinitumie wiki ya mitihani, hiyo wiki simu nazima. Karatasi ya mwisho ni hiyo ekonometriki, nikitoka tu ntapiga, na siku hiyo baba tutaongea mpaka uchoke wewe.

Mwanenu